Shawa ya Stima: Ukarabati Huanzia kwenye Waya
Mazungumzo na wakazi wa Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Kawangware



Baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia Nairobi, shawa ya stima hupata kazi nyingi. Malalamiko nayo huongezeka: maji hayapati moto, swichi inaruka, au mtu anahisi stima ikimtambaa vidoleni anapogusa mfereji. Hilo la mwisho si la kuzoewa. Ni onyo, na anayelipuuza anahatarisha maisha yake na ya watoto wake.

Shawa nyingi zinazouzwa mjini hutumia takriban wati 5,500. Kwa stima ya volti 240, hizo ni karibu ampea 23. Waya mwembamba wa taa hauwezi mzigo huo. Hupata moto ndani ya ukuta na plastiki yake kuyeyuka bila mtu kuona. Ndiyo maana shawa huhitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la swichi, kwa kawaida ya waya wa milimita za mraba 4 au 6. Waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano, lazima uungwe. Fundi anayeukunja na kuuacha juu ya shawa ameacha hatari bafuni. Kwenye boksi pia panafaa kuwa na kifaa kinachokata stima mara inapovuja. Kina kitufe cha kujaribia, na kujaribu mara moja kwa mwezi hakuna gharama.

Jambo la pili ni maji. Mfereji wa kaunti ukikauka, ploti nyingi za upande huu hutegemea kisima. Maji ya kisima mara nyingi huwa na madini mengi kuliko maji ya Ndakaini, na kadiri madini yanavyozidi ndivyo maji yanavyopitisha stima kwa urahisi. Katika shawa za kawaida, elementi hukaa wazi ndani ya maji. Kwa hiyo madukani kuna aina mbili: ya maji baridi ya kawaida na ya maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa. Mpangaji amuulize keyateka maji yanatoka wapi kabla ya kununua. Ikiwa tangi huchanganya yote mawili, ya maji ya chumvi ndiyo salama.

Tatu ni mgao. Maji yanaporudi huja na hewa na matope. Elementi ikiwaka penye hewa huungua kwa muda mfupi. Afadhali maji yaachwe yatiririke kwanza swichi ya ukutani ikiwa imezimwa, hadi yawe safi na ya mfululizo. Tundu zilizoziba husafishwa stima ikiwa imezimwa, na kitufe cha kiwango cha joto hubadilishwa mfereji ukiwa umefungwa.

Elementi iliyoungua inaweza kubadilishwa peke yake. Lakini shawa iliyopasuka, au ambayo ncha za nyaya zake zimekuwa nyeusi, itolewe yote, na sababu ya weusi huo itafutwe kabla ya mpya kufungwa. Vinginevyo mpya nayo itaungua.

Nyaya za ndani ya ukuta ni za mwenye nyumba, na mpangaji ana haki ya kudai zikaguliwe. Kazi hiyo ni ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na kumwomba aionyeshe si kumkosea heshima.

Anayehisi stima kwenye maji asijaribu tena kuona kama imeisha. Atoke, ajikaushe, azime swichi kuu, awaonye wenzake wa nyumbani, kisha aite fundi. Kuoga kwa maji ya sufuria siku mbili ni usumbufu mdogo.