Maneno ya Katibu wa Tawi kuhusu nguzo za njia ya waenda kwa miguu

Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye kikao cha tawi Jumapili. Tunayatuma kama yalivyo kwa waliokosa kufika. Tafadhali yafikishwe kwenye makundi ya mashina.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana,

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi, na njia ya miguu ya barabara ya sokoni imo kwenye ajenda. Tukienda kila mtu na lake, tutarudi na kile tulichorudi nacho mwaka jana, yaani ahadi.

Hali mnaijua. Njia ilijengwa kwa ajili ya miguu, leo ni maegesho. Asubuhi watoto wa shule wanashuka barabarani kuyazunguka magari yaliyopaki, wanakutana na daladala uso kwa uso. Mwezi uliopita mwanachama mwenzetu mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, alipigwa na kioo cha gari akaanguka. Mkono ulivunjika. Mtoto alipona. Hatutaki kusubiri wa pili.

Wakazi walijitahidi wakaweka mawe na matairi yaliyojazwa zege. Tunawashukuru, lakini mzee wetu asiyeona wa shina la pili ameshajikwaa hapo mara mbili. Kizuizi kinachomshinda mwenye gari kikamwangusha mwenye fimbo hakijatusaidia.

Tunachopendekeza ni nguzo fupi za chuma, kimo kama mita 1, zilizojazwa zege na kupakwa rangi inayoonekana hata usiku, na nafasi ya mita 1.2 kati ya nguzo na nguzo. Jumamosi iliyopita tulikwenda pale na futi kamba, ndoo mbili, na kijana wetu wa kiti cha magurudumu. Tulipoziweka ndoo kwa sentimita 80, alipita akikwaruza vidole. Kwa mita 1.2 alipita akitupungia mkono. Gari dogo halipiti hapo.

Bodaboda inapita. Tuseme ukweli, tusije tukaambiwa tulidanganya. Nafasi inayomtosha mwenye kiti cha magurudumu inamtosha na mwenye pikipiki, na tukiibana ili kumzuia huyu tutamfungia yule. Suala la boda tutalimaliza kwa kuzungumza na viongozi wa kijiwe chao, ambao baadhi yao wamekaa humu ndani na wanatazama chini.

Mikokoteni mipana na guta za mizigo nazo zinahitaji mlango, na zimamoto pia. Kwa hiyo penye lango la soko tunaomba nguzo mbili za kung'oka, zenye kufuli. Ufunguo mmoja ukae ofisi ya mtaa, mwingine kwa mlinzi wa soko, na kuwe na daftari la kusaini. Mnatujua sisi na madaftari.

Kuna waliouliza kama nguzo hizi ni za usalama dhidi ya mashambulizi. Swali si la kuchekwa katika jiji hili. Tarehe 7 Agosti 1998 lori la bomu lilipofika ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam, lilizuiwa getini na boza la maji. Hata hivyo watu 11 walikufa, lakini lori halikuingia ndani. Mwaka 2016 kule Nice, Ufaransa, lori liliwaua watu 86 kwenye barabara ya ufukweni iliyojaa watu. Mwaka uliofuata, Times Square, New York, gari liliwaparamia waenda kwa miguu likaua mtu mmoja, na kilicholisimamisha ni nguzo za chuma. Lakini nguzo za namna ile zina msingi mzito na hupimwa kwa kugongwa na gari kweli. Bomba la chuma lililochomekwa kwenye zege jembamba linazuia kupaki, halizuii lori lililokolea mwendo. Tusiombe la kwanza tukatangaza tumepata la pili.

La matengenezo ndilo linalotukosesha usingizi. Bourbon Street, New Orleans, walikuwa na nguzo za kusogezwa. Shanga za sherehe zilijaa kwenye reli zake, zikagoma kufanya kazi, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2025 zilikuwa katikati ya kubadilishwa. Dereva alipita, watu 14 wakauawa. Sasa jiulizeni nguzo yetu itakayogongwa na fuso mwezi wa tatu nani ataisimamisha. Tunataka fungu la matengenezo liandikwe kwenye bajeti ileile ya ujenzi, mstari wake peke yake, si chini ya "mengineyo".

Barabara iko chini ya TARURA, kwa hiyo barua ya mtaa iende kwa meneja wao wa wilaya, nakala kwa diwani. Mtu asichimbe kwa mkono wake. Na vijana waliopendekeza nguzo zipakwe rangi za chama, tumewasikia, jibu ni hapana. Njia ni ya wote.

Jumamosi, saa 3 kamili asubuhi, ofisi ya mtaa. Tunakwenda kama wakazi, sare zibaki nyumbani. Mama aliyevunjika mkono amekubali kuzungumza. Atangulie yeye, sisi tutafuata na vipimo.

Katibu wa Tawi