TUOSHE MABOMBA YETU YA DAWA
(Mazungumzo ya mtunza ghala mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakufika.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya mabomba ya mgongoni ya kunyunyizia dawa. Sitachukua muda mrefu, maana wingu lile mnaliona na wengine wameanika maharage.

Chama kina mabomba sita. Asubuhi hii nimeyajaribu yote, yanayofanya kazi ni mawili. Hayo manne yameharibikia ghalani. Dawa ilibaki ndani ikagandia kwenye vali na nozeli, washa zimekauka zikapasuka, na mpira mmoja umetafunwa na panya. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, bomba kwa mkulima wa mahindi limekuwa kama jembe. Sasa jembe gani hilo tunalolitupa likiwa na matope?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Vuli iliyopita nilichukua bomba hapa nikapige dawa ya wadudu kwenye maharage. Aliyelitumia kabla yangu alikuwa amepiga dawa ya magugu kwenye mahindi, ile ya 2,4-D. Alisuuza mara moja tu, akalirudisha. Mimi nami sikuuliza. Baada ya siku chache majani yakajikunja, mashina yakapinda kama mkia wa kinyonga. Robo ekari nzima sikupata hata ya kutia chunguni. Dawa ile huyaacha mahindi, lakini maharage na pamba haina huruma nayo, na kiasi kidogo kilichojificha kwenye mpira kinatosha kabisa. Wenzetu wa Biharamulo wanaolima pamba wanajua ninachosema.

Basi tufanye hivi. Ukimaliza kupiga dawa usiondoke shambani. Tia maji safi kiasi cha robo ya tangi, funga, tikisa vizuri, kisha pampu mpaka maji yatoke kwenye nozeli. Maji hayo yanyunyizie humo humo ulimopiga dawa. Fanya hivyo mara tatu. Kusuuza tangi peke yake hakusaidii, sumu inakaa kwenye mpira na kwenye mkono wa kunyunyizia. Kama ilikuwa dawa ya magugu, tia na maji ya sabuni, yaache humo usiku kucha, kesho yake usuuze tena. Hata hivyo mimi siamini sana kuosha kwa dawa ya magugu. Afadhali bomba moja liwe la magugu tu, tulipake rangi nyekundu.

Mtoni usioshe! Wala kisimani. Vijito vyetu vya Ngara huingia Ruvubu na Kagera, na Kagera humwaga ziwa Viktoria. Huko njiani kuna watu wanateka, kuna ng'ombe wanakunywa.

Nozeli ikiziba, ifungue uioshe kwa mswaki wa zamani. Ukichokoa kwa sindano au msumari unaongeza tundu, dawa itatoka nyingi na fedha yako itaishia chini. Kupuliza kwa mdomo nako, jamani, tumeona watu wazima wakifanya! Ni kuilamba sumu.

Baadaye kikaushe. Fungua kifuniko, lipindue bomba, liweke kivulini penye upepo. Jua kali hula plastiki na mpira. Mpira uuning'inize bila kuukunja.

Nilipata kuzungumza na kijana mmoja aliyefanya kazi na wazamiaji kule pwani, hawa wanaoshuka baharini na mtungi wa hewa mgongoni. Wengi wetu tunawakumbuka kwa ajili ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, walivyoshuka ziwani. Akanieleza kwamba mzamiaji akitoka kwenye maji ya chumvi, kitu cha kwanza ni kuchovya vifaa vyake kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha kuvianika kivulini. Kile kifaa cha kuvutia hewa hukizibwa kwanza kifuniko chake, maji yasiingie ndani. Chumvi ikikauka kwenye vali, siku nyingine hewa inaweza kumkatikia huko chini. Nikacheka peke yangu, maana ni vali, washa na mpira, sawa na bomba letu! Tofauti ni kwamba yeye anaosha kwa sababu pumzi ni yake, na sisi tunasema bomba ni la ushirika.

Makopo ya dawa nayo: suuza mara tatu, maji yake yamimine kwenye bomba kabla ya kupiga dawa, kisha toboa kopo. Nimeona kopo la namna hiyo limewekewa mafuta ya taa, na nyumba nyingine pombe ya ndizi. Mtoto hajui kusoma alama ya fuvu.

Naomba mkutano ukubali mambo mawili. Bomba likirudi, tulijaze maji mbele yangu na mrudishaji apampue; likitoa harufu ya dawa, au likivuja, jina lake naandika na halichukui tena mpaka alitengeneze. Na daftari lionyeshe lilipigia dawa gani, ili anayefuata asipate yaliyonipata mimi. Washa za mabomba manne nimeuliza bei dukani, karatasi anayo Mweka Hazina.