Samaki Hawana Mpaka



Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Dagaa na migebuka huvuka mpaka bila kibali. Wakivuliwa wachanga upande mmoja, pande zote hukosa. Ndiyo sababu mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane.

Sisi polisi tunatambua kuwa miezi hiyo ni ya dhiki kwa kaya nyingi. Basi hata avuaye kwa ndoano ili kujiburudisha aepuke mazalia, na samaki mchanga amrudishe majini. Atakayeona kokoro likivutwa usiku atuarifu, asijichukulie sheria mkononi.

Tukila mbegu leo, kesho tutapanda nini?