Wino Mwekundu: Tafakuri ya Mwalimu wa Insha, kwa Mfano wa Rudewa, Kilosa

Katika shule za Tanzania, kazi ya kufundisha insha aghalabu huhesabiwa kuwa imekwisha pale mwalimu anapofunga daftari la mwisho. Makosa yamepigiwa mstari kwa wino mwekundu, alama imeandikwa pembeni, na neno moja au mawili yameongezwa: "Jitahidi", "Angalia tahajia". Mwanafunzi hutazama alama, basi. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: je, mwalimu mwenyewe amejifunza nini kutokana na madaftari yale?

John Dewey, katika How We Think (1910), aliielezea tafakuri kuwa ni kulipima wazo kwa makini, kwa kuchunguza misingi inayolishikilia na matokeo yanayotokana nalo. Mwaka 1983 Donald Schön aliiingiza dhana hiyo katika mjadala wa kazi za kitaaluma, akatenganisha kutafakari katikati ya kutenda na kutafakari baada ya kutenda. Kwa mwalimu wa insha, tafakuri ya namna ya pili ina ushahidi usiohitaji kutafutwa mbali, nao ni wino wake mwenyewe.

Ichukuliwe kata ya Rudewa, wilayani Kilosa. Ni nchi ya mkonge na mahindi, ambamo Wasagara, Wakaguru, wafugaji wa Kimaasai na wajukuu wa vibarua waliokuja kukata mkonge wamekutana, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mwanafunzi wa hapo, kama wenzake wengi wa bara, anaweza kuandika "hasubuhi" mahali pa "asubuhi" na "apana" mahali pa "hapana". Wino mwekundu huona makosa mawili. Kumbe ni moja. Katika usemi wa watu wengi sauti ya h haikukaa imara, hivyo mwandishi huiacha inapotakiwa na, kwa hofu ya kuiacha, huitia isipotakiwa. Mwalimu anayesahihisha neno baada ya neno atahesabu makosa kumi. Yule anayerudi kuisoma kalamu yake ataona somo moja la robo saa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mtoto wa mfugaji ameandika "ng'ombe zetu", naye mwalimu amekata na kuandika "wetu". Sarufi ya darasani inamuunga mkono mwalimu. Lakini mwalimu huyo huyo husema "rafiki zetu", "ndugu zetu" na "baba zetu" bila kusita, na waandishi hodari wameandika "ng'ombe zao" pasipo kushutumiwa. Basi mtoto hakubahatisha. Amefuata kanuni iliyomo katika lugha, akaipeleka kwa viumbe ambao nyumbani kwao wanakaribia kuwa jamaa. Mina Shaughnessy, aliyesoma insha zipatazo 4,000 za wanafunzi wa City College, New York, alionyesha katika Errors and Expectations (1977) kwamba makosa ya waandishi wachanga yana mantiki yake. Mantiki hiyo haionekani kwa msomaji ambaye kalamu imetangulia jicho.

Mada ya insha nayo ni maandishi ya mwalimu, ingawa hakuna anayeisahihisha. Zipo mada za mjadala ambazo hurithiwa tu, na mojawapo ni ile ya kulinganisha kilimo na ufugaji, kipi bora. Kwingineko ni zoezi la kunoa hoja. Katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa. Wazazi na babu zao walikuwapo. Umbo la insha ya mjadala, yaani utangulizi, hoja tatu na hitimisho, linamtaka mtoto achague upande, halafu apewe alama kwa ukali wa kuutetea.

Mada ya namna hiyo ina kasoro nyingine, ya kitaaluma. Benjaminsen, Maganga na Abdallah, waliochunguza mauaji hayo katika makala ya mwaka 2009, waliitazama historia yake na kuona uzito wa sera zisizowapendelea wafugaji, utawala dhaifu na rushwa. Katika insha yenye pande mbili tu, hoja hizo hazina pa kukaa. Kuifuta mada si dawa, kwani watoto wanalijua jambo lenyewe. Lakini swali laweza kuulizwa hivi: eleza njia wanayopita ng'ombe kwenda kunywa maji, na yaliyomo kando ya njia hiyo. Hapo mtoto wa mkulima ataandika juu ya mahindi, wa mfugaji juu ya kiu, na mwalimu atakuwa na jambo la kusoma.

Watakuwapo wanaosema kwamba darasa ni kubwa na mtihani hausubiri. Hoja hiyo ni ya kweli. Kwa miaka mingi sehemu ya utungaji katika mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba imemtaka mtahiniwa apange sentensi nne kwa herufi A hadi D. Hutunga pasipo kuandika hata sentensi moja, kisha akafika kidato cha kwanza akiambiwa aandike ukurasa mzima. Mwalimu hawezi kuyatafakari madaftari sabini kila juma. Anaweza kutoa matano, ayasome kalamu ikiwa mezani, na kuandika katika daftari lake kile ambacho kila mtoto alikuwa akijaribu kukisema. Na kabla ya kutoa mada mpya anaweza kuiandikia yeye mwenyewe, kwa dakika zile zile 40 alizowapa wanafunzi, akiweka alama ndogo kila mahali aliposita.