Titani Iliyogoma Kuchomoka
Mwaka 1952 huko Lund, Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura. Alipotaka kuchomoa kifaa chake cha titani, kikagoma. Mfupa ulikuwa umekikumbatia.

Mwaka 1965, mgonjwa wake Gösta Larsson akapandikizwa skrubu nne za titani kwenye taya la chini ili zishikilie meno bandia. Alifariki 2006 zikiwa bado imara, ingawa wataalamu wengi walimbeza Brånemark hadi alipowasilisha matokeo yake kwenye mkutano wa Toronto wa 1982.

Leo daktari wa meno hutoboa taya, hukaza skrubu, kisha mgonjwa husubiri miezi kadhaa mfupa ushike ndipo afungiwe jino. Kusubiri huko huwachosha wengi, na mvutaji sigara hujiongezea hatari ya skrubu kulegea. Meno ya kuvaa na kuvua bado yana bei nafuu zaidi.