Gari Kuukuu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na mlango, mahali ambapo hata sisi tulipapenda:

Katibu wa chama chetu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, nilidhani anataka nieleze habari za utumishi wa Serikali. Akanijibu kwamba hayo yameshasemwa miaka mitatu mfululizo, na vijana walisinzia. Akanitaka nizungumze jambo lililonipata mimi mwenyewe. Basi nimetafuta katika maisha yangu jambo lililonigharimu fedha nyingi na usingizi mwingi kuliko yote, nikaona si nyumba, si ndoa, wala si shahada ya Chuo Kikuu. Ni gari.

Wenzangu wa enzi zetu wanalikumbuka lori la shule. Lilikuwa halina stata, na dereva wake alikuwa hodari wa kulipaki juu ya mteremko wa jikoni ili asubuhi liwake kwa kuserereka. Siku lilipopakiwa mahali pa tambarare, Kidato cha Kwanza kizima kilitolewa darasani kwenda kulisukuma. Tulicheka sana. Sikujua kwamba miaka ishirini baadaye nitalipa fedha zangu mwenyewe nipate la kusukuma.

Mwaka 2019 nilihamishiwa Dodoma kama watumishi wengine wengi wa Serikali. Nina mke na watoto wawili, na ofisi niliyopangiwa ilikuwa mbali na nyumba niliyopata. Nikakopa shilingi 8,000,000 katika chama cha akiba na mikopo cha kazini, kwa kukatwa mshahara 275,000 kila mwezi kwa muda wa miezi 36. Ukizidisha utapata 9,900,000. Hesabu hiyo niliifanya, nikaridhika. Hesabu ambazo sikuzifanya ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, la silinda sita, limetengenezwa mwaka 2001. Kwa hiyo lilikuwa na umri wa miaka 18. Mwenye gari alikuwa mtu mzima, mtumishi kama mimi, mwenye maneno ya upole. Dalali alikuwa ameshaniambia bei ni 7,500,000. Nikauliza limetembea kiasi gani. Mwenye gari akawasha, akanionyesha dashibodi: kilometa 78,000. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua.

Sasa vijana, chukueni kalamu. Gawanya 78,000 kwa miaka 18, halafu kwa siku 365. Utapata kama kilometa 12 kwa siku. Na yule bwana, katika mazungumzo yetu ya kirafiki, alikuwa ameniambia kwamba amelitumia gari hilo miaka mitano, anakaa Kibaha, na kazi yake iko katikati ya Dar es Salaam. Kibaha na mjini ni kama kilometa 40. Kwenda na kurudi ni 80. Kwa siku 250 za kazi ni kilometa 20,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni 100,000. Yaani safari zake yeye za kazini peke yake zilizidi kilometa zote ambazo gari lile lilidai kuwa limetembea tangu kuzaliwa kwake Japani! Hesabu hii ni ya darasa la saba. Mimi nina shahada, na nilikuwa nimesimama palepale, nikitazama namba zile.

Hapa shuleni tulikuwa na mwalimu wa Fizikia ambaye kabla ya kutupa ammita alituuliza kwanza sindano yake inasimama wapi wakati hakuna umeme. Asiyekagua sifuri alinyang'anywa kifaa. Mita ya kilometa ni kifaa kama vingine, na kuirudisha nyuma ni kazi ya fundi ya nusu saa. Lakini vitu vingine ndani ya gari havirudi nyuma. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana pembeni. Usukani ulikuwa unang'aa pale mikono inaposhika. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: yangu yaliandikwa 0811, maana yake wiki ya 8 ya mwaka 2011. Tairi zenye miaka minane, zimepakwa rangi nyeusi zikapendeza. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu, nami nikawa natazama rangi ya bodi na kusikiliza redio.

Kuna na jingine. Nilipofika, niliweka mkono juu ya boneti nikaona ina joto. Nikasema moyoni, jua la Dar es Salaam. Halikuwa jua. Gari kuukuu lenye ugonjwa huwashwa mapema kabla mnunuzi hajafika, kwa sababu ugonjwa wake huonekana likiwa baridi: huwaka kwa shida, hugonga, na hutoa moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma maana yake maji yanaingia ndani ya silinda. Mwenye kutaka kununua na afike bila kuagana saa, au aseme atakuja saa tatu afike saa moja. Si adabu nzuri, lakini ni afadhali.

Mtaniuliza, kwa nini sikwenda na fundi? Ndugu zangu, hapa ndipo penye aibu yangu. Fundi mmoja jirani yangu alijitolea kunisindikiza kwa shilingi 30,000. Nikaona nikifika kwa mtumishi mwenzangu, mtu wa makamo, nimeongozana na kijana mwenye ovaroli lenye grisi aanze kulala chini ya gari na kunusa kijiti cha oili, nitakuwa kama ninamwita mwenzangu mwongo. Nikamwambia yule bwana, kwa sauti ya kumheshimu, "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa ofisi, ninakuamini." Akaniitikia, "Gari liko safi kabisa." Ikawa basi. Shilingi 30,000 nilizookoa siku ile nimezikumbuka mara nyingi.

Mambo ya karatasi sikuyafanya vibaya, na hayo nayapitia upesi. Kadi niliihakiki Mamlaka ya Mapato, nikahakikisha jina na namba ya chesisi, nikaandikiana mkataba mbele ya wakili, nikalipia kubadilisha umiliki. Msiache hata moja katika hayo, maana wapo walionunua gari ambalo kadi yake halisi imelala kwa mkopeshaji.

Wiki tatu baadaye tulianza safari ya kuhamia Dodoma. Mke wangu, watoto, magodoro juu, sufuria ndani ya buti. Hadi Morogoro tulikwenda tukiimba. Tulipopita Dumila na kuanza kupanda milima ya kuelekea Gairo, sindano ya joto ikaanza kupanda pamoja nasi. Nikazima redio, kana kwamba redio ndiyo inayochemsha. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti na injini ikanyamaza. Nikashuka, nikashika kitambaa ili nifungue kifuniko cha rejeta. Utingo wa lori lililosimama mbele yetu akanipigia kelele, "Mzee, acha!" Akanivuta mkono. Maji ndani ya rejeta yamefungwa kwa mgandamizo, hivyo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yanachemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni. Hilo nalo tulifundishwa hapa, na nililijibu vizuri katika mtihani. Aliyelikumbuka barabarani ni kijana ambaye huenda hakusoma Fizikia hata siku moja.

Tulikaa pale mpaka usiku. Mwanangu mdogo akauliza kama gari letu limekufa. Nikavutwa mpaka Dodoma kwa shilingi 350,000.

Fundi wa Dodoma alichomoa kijiti cha oili akanionyesha: oili imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na haikuwa mara yake ya kwanza. Thamostati haikuwapo, iliondolewa zamani na fundi fulani aliyetaka kuficha kuchemsha. Rejeta haikuwa na kulanti bali maji ya bomba yenye kutu. Ndani ya injini mlikuwa na oili nzito mno, ile wanayoweka ili injini isigonge wala isitoe moshi kwa siku chache za kuuzia. Nilimpigia simu yule bwana wa Kibaha. Akanipa pole nyingi, kisha akasema, "Lakini gari si ulilijaribu mwenyewe?" Nikamwuliza mwanasheria wa ofisini kwetu. Akanieleza kwamba chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, anayenunua kwa mtu asiyefanya biashara ya bidhaa hiyo kwa kawaida hujibeba mwenyewe katika habari ya ubora. Ningeweza kushitaki kwa udanganyifu, ila ushahidi wangu ulikuwa nini? "Ninakuamini"?

Hedi ikasawazishwa kwa 640,000, gari likatembea miezi saba, likachemsha tena. Nikanunua injini ya mtumba Gerezani. Ilisimama juu ya mbao, ikawashwa dakika mbili, nikaambiwa nisikilize. Nikasikiliza. Sijui nilikuwa nasikiliza nini. Spea moja ikaja siyo, nyingine ikachelewa, fundi akaenda msibani kwao, akarudi na kazi nyingine. Kwa jumla gari lilikaa gereji miezi 14, na kila tarehe ya mshahara 275,000 zikakatwa. Nyumba niliyokuwa nimeanza kujenga ilisimama kwenye renta, na kwa miaka miwili mvua ikanyeshea ndani. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililonitesa kuliko lawama.

Sisemi kwamba kila gari la zamani ni baya. Mwenzangu mmoja ana gari la miaka ya 1990, analo daftari ambamo ameandika kila oili aliyobadilisha na kila mkanda aliofunga, nalo ni zima kuliko magari mapya. Wala sisemi kwamba umri si kitu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza yaliyozidi 15. Hapa kwetu tunayaruhusu, ila tunatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Kwa sababu ya ushuru huo, mtu wa mshahara wa kawaida huona nafuu kununua lililokwisha kuingia nchini na kupita mikononi mwa wenyeji wawili watatu, na barabara zetu nyingine mnazijua.

Sasa nifike kwenye sehemu niliyosita kuiandika. Mwaka 2022, mkopo ulipokwisha, niliamua kuliuza. Dalali akanishauri: osha injini, weka oili nzito, na uwashe nusu saa kabla ya mteja. Nilikasirika. Kisha nikafanya.

Mteja alikuwa kijana mwalimu, mwaka wake wa pili kazini. Akanipa shikamoo, akalizunguka gari mara moja, akaweka mkono juu ya boneti. Hakusema kitu. Nikamwambia injini imebadilishwa, maana namba yake ilikuwa tofauti na ya kwenye kadi na asingekosa kuiona. Mengine nikanyamaza. Akasema, "Mzee, wewe ni mtu wa Serikali, mimi ninakuamini." Akanipa 500,000 za utangulizi. Akaniambia na mengine anayakopa.

Nilizikunja noti zile nikaziweka kabatini. Usiku mke wangu akauliza, "Umemwambia linachemsha?" Nikasema ataliona mwenyewe. Hakujibu. Alizima taa.

Siku tatu zilipita ndipo nilipompigia. Nilimwomba aje asubuhi sana, gari likiwa baridi, na aje na fundi. Walikuja. Nikawapa karatasi niliyoandika kila kilichoharibika na kila kilichobadilishwa, pamoja na gharama. Fundi akasoma huku akitikisa kichwa. Kijana alisoma mara mbili, akanitazama, akauliza, "Na juzi, mzee?" Sikuwa na la kumjibu. Nikamrudishia 500,000 zake, akazihesabu mbele yangu, jambo ambalo siku ya kwanza hakulifanya.

Gari likauzwa kwa mwenye gereji, kwa ajili ya spea, shilingi 2,300,000. Matengenezo peke yake yalikuwa yamenila zaidi ya milioni nne. Nyumba imeezekwa mwaka jana.

Yule kijana tunaonana mara kwa mara, maana anafundisha karibu na kwetu. Alinunua pikipiki mpya. Hunisalimu vizuri, na siku moja ya mvua alisimama akanipakia mpaka getini kwangu. Mimi tangu wakati ule natembea kwa daladala, na nikienda Dar es Salaam napanda treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024. Hapa leo nimekuja kwa basi, nalo linaondoka saa kumi. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kama kuna maswali naomba yawe mafupi.