Mlango wa Mahakama kwa Aliyenyimwa Viza ya Ulinzi



Wapo miongoni mwetu wenye jamaa waliofika Australia na kuomba viza ya ulinzi, yaani hifadhi ya mtu anayehofia kuteswa akirudishwa kwao. Akinyimwa na Wizara, hulipeleka shauri lake kwenye Baraza la Mapitio ya Utawala, lililoanza kazi Oktoba 2024. Baraza huipima habari yote upya. Nalo likikataa, hubaki mahakama. Hapo ndipo watu wetu hupotea njia.

Hudhani kwamba mahakamani ni mahali pa kusimulia mateso kwa mara ya tatu, huenda hakimu akawa na moyo laini zaidi. Sivyo. Hakimu hapimi kama mwombaji asema kweli, wala hana uwezo wa kumpa viza. Ajiuliza neno moja: je, aliyeamua alifuata sheria? Kama Baraza liliacha kabisa kushughulikia dai mojawapo, kama liliielewa sheria vibaya, kama mwombaji hakupewa nafasi ya haki ya kujibu, uamuzi waweza kutenguliwa na shauri likarudi Barazani. Mtu aweza kushinda mahakamani, kisha akanyimwa tena kihalali.

Hata hivyo mlango huo mwembamba msiudharau. Mwaka 2001, baada ya meli ya Tampa kuzuiwa ikiwa na watu 433 waliookolewa baharini, Bunge la Australia lilitunga kifungu cha kufanya maamuzi ya uhamiaji kuwa ya mwisho, yasihojiwe mahakamani. Februari 2003, katika shauri liitwalo S157, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilisema kwamba kifungu hicho hakiulindi uamuzi uliotolewa kwa kuvuka mamlaka. Katiba, kifungu cha 75, yawapa majaji kazi ya kumzuia ofisa wa serikali anayevuka mipaka, na Bunge haliwezi kuwanyang'anya. (Mashauri haya huitwa kwa herufi na tarakimu kwa kuwa sheria yaikataza mahakama kumtaja mwombaji kwa jina. Nanyi msimtangaze kanisani.)

Sasa tarehe. Ombi hupelekwa mahakamani katika siku 35 tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, si tangu siku barua ilipofunguliwa. Muda waweza kuongezwa, lakini lazima uombwe kwa maandishi, pamoja na sababu. Anayeshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za Serikali, na wakili haruhusiwi kufungua shauri lisilo na tumaini. Basi jihadharini na yeyote anayeahidi ushindi huku amenyosha mkono wa malipo.

Na barua ya paroko? Ina uzito, lakini ipelekwe mapema, Wizarani au Barazani. Mahakamani mara nyingi huwa imechelewa.

Mtu akiwajia na barua ya kukataliwa, someni kwanza tarehe yake, kisha mpelekeni kwa mwanasheria siku hiyo hiyo, kabla ya kuitisha kikao chochote.